Rafiki ananiambia niiandikishe nyumba kwa binti yangu kabla sijafa

BARUA

Ndugu Mshauri,

Hujambo? Mimi ni mzee wa miaka 61. Nguvu bado ninazo, ila mwezi uliopita tulimzika mtu niliyesoma naye darasa moja, na tangu siku hiyo usingizi wangu umekuwa wa mang'amung'amu.

Pale msibani, watu wakiwa wamekaa vikundi vikundi, rafiki yangu mmoja ambaye husikilizwa sana kwa mambo ya fedha alinivuta pembeni. Akaniambia, "Wewe endelea kulala. Siku ukifumba macho serikali inachukua asilimia 40, watoto wabaki kugombea makombo." Akasema dawa ni moja tu: niiandikishe nyumba kwa jina la binti yangu mkubwa nikiwa hai, iwe hiba, halafu niendelee kuishi humo humo kama kawaida. Yeye mwenyewe amekwisha kufanya hivyo. Amenitafutia hata mtu wa kuandaa hati, na miadi yetu ni Ijumaa ya wiki ijayo.

Nikueleze nilivyo. Mke wangu wa kwanza alifariki, akaniachia mabinti wawili ambao sasa wana familia zao. Na mke niliye naye tumekaa miaka 14. Tulifunga ndoa mbele ya wazee wa pande zote mbili, lakini cheti cha serikali hatukuwahi kukifuatilia. Hatukujaliwa mtoto. Yupo pia kijana wa marehemu kaka yangu, ana miaka 22, nimemlea tangu ana miaka mitano. Ananiita baba mdogo, lakini hamjui baba mwingine.

Mali yangu nimekuandikia kwa dola ili hesabu iwe nyepesi. Nyumba tunayoishi nilinunua zamani kwa 40,000, leo wanasema ni 180,000. Akiba benki ni 35,000. Bima ya maisha italipa 100,000 nikiondoka. Fomu yake niliijaza zamani mno. Na kwa miaka tisa nimekuwa nikinunua hisa za kampuni za Marekani kwenye simu, kidogo kidogo, mpaka zimefika 85,000. Hizo mke wangu hazijui. Sikumficha kwa ubaya, ni mambo ya kwenye simu tu. Deni la nyumba limebaki 30,000. Wosia sina.

Juzi mke wangu alinikuta nasoma karatasi ya mfano yenye jina la binti yangu. Akauliza, "Na mimi nitakaa wapi?" Nikamwambia hayo ni mambo ya kodi tu. Hakuuliza tena, lakini tangu siku hiyo ananijibu kwa neno moja moja.

Je, hiyo asilimia 40 ni kweli? Kodi ya mirathi na kodi ya urithi ni kitu kimoja? Na Ijumaa niende?

Baba Mdogo

JIBU

Ndugu Baba Mdogo,

Naanza na swali la mwisho kwa sababu ndilo lenye tarehe. Usiende. Au nenda uchukue rasimu urudi nayo nyumbani, ila kalamu iache mfukoni. Hati ya hiba ikishasajiliwa, nyumba si yako tena, na ukitaka ikurudie itabidi uombe. Kudai huwezi.

Sasa tuje kwenye asilimia 40. Rafiki yako hakukudanganya, ila alibeba nusu ya habari. Nambari hiyo ipo kweli. Marekani ina kodi ya mirathi ya serikali kuu tangu mwaka 1916, na kiwango chake cha juu leo ni 40. Uingereza nao wanatoza 40. Alichokiacha njiani ni kikomo, yaani kiasi ambacho kodi haikigusi kabisa. Kwa raia au mkazi wa Marekani anayefariki mwaka 2026, kikomo hicho ni dola milioni 15, na kinachotozwa ni kile kinachozidi hapo. Jumlisha mali yako yote, bima ikiwemo, unapata 400,000. Toa deni, zinabaki 370,000. Hujafika hata sehemu moja ya arobaini ya kikomo. Uingereza kikomo ni cha chini zaidi, pauni 325,000, na hakijapandishwa tangu 2009 ilhali bei za nyumba zimepanda, ndiyo maana kule kodi hii inawakuta hata watu wa kawaida wenye nyumba moja. Lakini nyumba ya kuishi ikienda kwa watoto wanaongezewa hadi pauni 175,000 juu yake. Huko nako usingefika.

Na zipo nchi ambazo hazina kodi hii kabisa. Kenya iliifuta mwaka 1982, India 1985, Sweden 2004, Norway 2014. Kanada iliachana nayo mwaka 1972, ila wao wana mlango mwingine: siku ya kifo, sheria huhesabu kana kwamba marehemu ameuza mali zake zote siku hiyo, na faida iliyopatikana hutozwa kodi ya mapato. Nyumba ya kuishi kwa kawaida imesamehewa, na kodi ya mali inayokwenda kwa mume au mke inaweza kungoja.

Umeona ninakozunguka. Umenitajia hadi idadi ya miaka uliyonunua hisa, lakini nchi unayoishi hukuitaja, na kwenye kodi hii swali la kwanza ni hilo. La pili ni mali ipo nchi gani. La tatu ni nani anapokea. Rafiki yako hakukuuliza hata moja kati ya hayo matatu, akakupa dawa.

Kuhusu majina mawili ya kodi: si kitu kimoja, ingawa hata wenyewe huyachanganya. Kodi ya mirathi hukatwa kwenye fungu zima la marehemu kabla halijagawanywa. Anayeilipa ni msimamizi wa mirathi, na haimuulizi mtu uhusiano wake, isipokuwa mume au mke ambaye mara nyingi husamehewa. Kodi ya urithi yenyewe hungoja mgawo, halafu humgeukia kila mrithi: wewe umepata kiasi gani, na marehemu alikuwa nani wako? Uingereza jina la kodi yao ni ya urithi, lakini inavyofanya kazi ni kodi ya mirathi. Marekani serikali kuu ina ile ya mirathi, na majimbo machache yana yao: Pennsylvania wana ya urithi, Oregon wana ya mirathi inayoanza kwenye dola milioni 1 tu, na Maryland wao wanazo zote mbili. Ujerumani, Ufaransa na Japani wanamtazama mrithi.

Tofauti hiyo, ukiisikia hivi hivi, ni ya wanasheria. Kwako wewe ina sura na jina, na anaishi ndani ya nyumba yako.

Kwa lugha yetu mtoto wa kaka yako ni mtoto wako. Wewe ni baba yake mdogo, na msibani angekaa pamoja na wafiwa. Kwenye fomu ya kodi ya urithi neno "baba mdogo" halimo. Kuna mtoto, kuna ndugu, kuna wengineo, na yeye atawekwa huko mwisho au karibu na mwisho. Chukua mfano: kila mmoja, binti yako na kijana huyu, amepata elfu 40 za sarafu ya pale. Pennsylvania binti analipa 4.5%, yaani 1,800. Kijana analipa 15%, yaani 6,000. Ujerumani binti halipi kitu kwa kuwa mtoto ana msamaha wa euro 400,000. Kijana ana msamaha wa 20,000 tu, na kwenye 20,000 zinazobaki analipa 15%, yaani 3,000. Ufaransa ndiko utakakoshika kichwa. Binti hadaiwi kwa sababu hajafika 100,000. Kijana anasamehewa euro 7,967 pekee, kisha 55% ya kilichobaki. Hesabu mwenyewe: zaidi ya 17,600 zinakwenda serikalini, yeye anaondoka na kama 22,400. Miaka 17 ya kumlea haina safu kwenye fomu hiyo.

Ungekuwa umemuasili kisheria, kwa kawaida angehesabiwa mtoto. Ana miaka 22 sasa, na kuna nchi ambako mtu mzima haasiliwi, England ikiwa mojawapo. Uliza unakoishi, usidhani. Ikishindikana, lipo jambo jingine ambalo karibu kila mtu hulisahau: kila mali ina njia yake ya kutozwa, kwa hiyo swali lisiwe "nimpe kiasi gani" peke yake, liwe pia "nimpe kutoka wapi". Pennsylvania malipo ya bima ya maisha hayaingii kwenye kodi ya urithi. Ufaransa, kwa michango ya bima iliyolipwa kabla mwenye bima hajafikisha miaka 70, kila mnufaika ana msamaha wake wa euro 152,500, awe mtoto au asiwe. Wewe una 61. Ningekuwa mimi, na ningekuwa kwenye moja ya nchi za namna hiyo, kijana ningemwandika kwenye bima, mabinti wakapata vitu vingine, na wote watatu wakatoka sawa bila kodi kumchagua mmoja. Ujerumani hila hiyo haisaidii, maana malipo ya bima yanahesabiwa kama urithi mwingine wowote.

Na kwa kuwa tumeigusa bima: umesema fomu uliijaza zamani mno. Zamani ya lini? Kama ni kabla ya miaka 14, nina hofu kwamba mnufaika aliyeandikwa ni mke wako wa kwanza, Mungu amrehemu. Kampuni ya bima haijui kwamba alifariki, inajua jina. Kusipokuwa na mnufaika wa pili, fedha hizo kwa kawaida hurudi kwenye fungu la mirathi, zikangojee msimamizi, mahakama na wadai, wakati lengo la bima lilikuwa zipatikane mapema. Tena usitegemee wosia ukusahihishie. Sehemu nyingi jina lililo kwenye fomu ya bima lina nguvu kuliko wosia, hata uwe umeuandika jana yake. Karatasi hiyo moja inabadilishwa kwa siku moja, na kwa maoni yangu ina haraka kuliko miadi yako ya Ijumaa.

Haya, nyumba. Nianze na kodi kwa sababu ndiyo iliyokutisha. Hila ya "naandikisha kwa mtoto halafu naendelea kukaa humo humo" ni ya zamani sana, na watoza kodi waliiona kabla rafiki yako hajazaliwa. Uingereza, ukitoa nyumba na ukaendelea kuishi ndani bila kulipa kodi ya pango ya bei ya soko, wanahesabu kwamba hukutoa. Inarudishwa kwenye fungu lako siku ukifa, hata iwe imepita miaka 20. Wengi wamesikia habari ya miaka saba, kwamba ukitoa kitu ukaishi miaka saba kimetoka; ni kweli, ila ni kwa zawadi ambayo kweli umeachana nayo. Marekani nako sheria inafanana na hiyo: ukitoa nyumba huku mmeelewana, hata kwa mdomo, kwamba utaishi humo maisha yako yote, inaweza kuhesabiwa kuwa bado ilikuwa yako.

Halafu kuna kodi ambayo hukuiuliza: ile ya faida mtu anapouza. Wewe ulinunua kwa 40,000, leo ni 180,000. Kwa sheria ya Marekani, binti akiipokea kama hiba anarithi pia bei yako ya zamani. Akija kuiuza kwa 180,000, faida ni 140,000 na inatozwa. Akiipata kwa urithi, bei ya kuanzia inakuwa thamani ya siku uliyofariki, kwa hiyo akiuza wakati huo huo faida ni sifuri. Mtu anaikimbia kodi ya mirathi ambayo isingemgusa, anamtwika bintiye kodi ambayo isingekuwepo. Hapo sijataja ada na ushuru wa kubadilisha hati, ambao sehemu nyingi hulipwa pale pale unaposaini.

Lakini niseme wazi, hata kodi isingekuwepo kabisa ningekuzuia. Nyumba ikiwa ya binti yako, madeni ya binti yako yanaijua. Akiachana na mumewe, inaweza kuingizwa kwenye mgawo wa mali za ndoa yao. Akikutangulia, Mungu aepushe, nyumba inakwenda kwa warithi wake: mumewe na watoto wake. Wewe, mkeo na binti yako wa pili hamumo kwenye orodha hiyo, au mko nyuma sana. Simshuku binti yako kwa lolote. Nasema tu kwamba ungekuwa umeliweka paa lako juu ya afya yake, ndoa yake na biashara zake, mambo ambayo hata yeye hayashiki mkononi.

Na binti wa pili je? Hukunieleza yeye anapata nini. Nadhani hata wewe hukuwa umefika huko.

Mkeo alikuuliza swali la kisheria kuliko maswali yako yote matatu, nawe ukamjibu kwamba ni mambo ya kodi. Kwa wengi, ulinzi mkubwa kuliko wote kwenye kodi hizi ni mume na mke: Ufaransa mwenzi aliyebaki halipi kodi ya urithi tangu 2007, Pennsylvania ni asilimia sifuri, na kwa serikali kuu ya Marekani mali inayokwenda kwa mwenzi ambaye ni raia haitozwi hata kidogo. Uingereza pia wenzi wanasameheana, na kikomo kisichotumiwa na aliyetangulia kinaweza kuhamia kwa aliyebaki. Ila wanaposema mke wanamaanisha mke ambaye sheria ya nchi inamtambua. Ninyi mmekaa miaka 14 kwa baraka za wazee, na mbele ya watu ni ndoa kamili. Mbele ya mtoza kodi wa Uingereza, watu walioishi pamoja bila ndoa inayotambulika ni kama majirani, hata wakikaa miaka 40. Ufaransa mtu asiye na undugu na marehemu anatozwa 60%. Zipo nchi zinazozitambua ndoa za namna yenu bila cheti, lakini atakayelazimika kuthibitisha ni mkeo, akiwa amefiwa, tena pengine mbele ya watu wanaotaka asithibitishe. Kaandikisheni ndoa. Ungeniomba jambo moja tu la kufanya mwezi huu, ningekutajia hilo.

Kuhusu pa kukaa, si lazima uchague kati ya mke na mabinti. Waombe wanasheria wakuandikie kwenye wosia haki ya mkeo kuishi katika nyumba maisha yake yote, kisha nyumba iende kwa mabinti kwa sehemu sawa. Unaweza pia kumwingiza mkeo kwenye hati kuwa mmiliki wa pamoja, lakini jihadhari na maneno yatakayoandikwa. Kuna umiliki wa pamoja ambao mmoja akifa yote huwa ya aliyebaki bila kupitia wosia, na kuna ule ambao kila mmoja ana sehemu yake ya kurithisha. Ukisaini wa kwanza, mkeo yuko salama lakini mabinti watategemea huruma yake. Ni mstari mmoja tu kwenye hati. Usome mara mbili.

Sasa hisa za kwenye simu. Hapa ndipo mahali pekee katika mali yako ambapo naona kodi ya mirathi ikikunyemelea kweli, tena rafiki yako hakupagusa. Ile milioni 15 ni ya raia na wakazi wa Marekani. Kama wewe si raia na huishi kule, Marekani bado inahesabu hisa za kampuni zake kuwa mali iliyo ndani ya nchi yake, hata kama umezinunua ukiwa kitandani kupitia wakala wa nchi nyingine. Na kwa mtu kama wewe kikomo ni dola 60,000. Hicho kimekaa hivyo kwa miaka mingi na hakipandi na bei za vitu. Una 85,000, umezidi kwa 25,000. Kodi yake si 40% moja kwa moja, inapanda ngazi kwa ngazi: elfu 20 za kwanza juu ya kikomo ni 26%, yaani 5,200, elfu 5 zinazobaki ni 28%, yaani 1,400. Jumla 6,600, kabla ya punguzo lolote la madeni na gharama za mirathi. Haiui mtu. Lakini fomu inatakiwa ndani ya miezi tisa tangu kifo, na wakala anaweza kukataa kuachia hisa mpaka aone cheti cha mamlaka ya kodi ya Marekani kwamba mambo yamekwisha, na cheti hicho kinachukua muda. Nchi kadhaa zina mkataba na Marekani unaopandisha kikomo hicho. Yako imo? Tunarudi kule kule, sijui unaishi wapi.

Unaweza kuzipunguza hisa hizo zikawa chini ya 60,000 na fedha ukaziweka kwingine, au ukanunua mfuko unaoshikilia kampuni hizo hizo lakini umeandikishwa nje ya Marekani, kwa mfano Ireland. Hisa za mfuko kama huo hazihesabiwi kuwa mali iliyo Marekani. Kabla ya kuuza pima kwanza kodi ya faida unakoishi.

Kama lengo lako ni kuanza kupunguza mzigo ungali hai, toa vitu usivyovitegemea, uache vile vinavyokulaza na kukulisha. Nchi nyingi zinakuruhusu. Uingereza pauni 3,000 kwa mwaka hazihesabiwi. Marekani mtu anaweza kumpa kila mmoja hadi dola 19,000 kwa mwaka, 2025 na 2026, bila hata kujaza fomu. Ujerumani ule msamaha wa mtoto wa 400,000 unaanza upya kila baada ya miaka 10, Ufaransa ule wa 100,000 kila baada ya 15. Kijana akitaka ada ya chuo, hiyo ni hiba nzuri kuliko nyumba.

Jambo la mwisho ni fedha taslimu, na hili halitegemei utajiri. Kodi hizi hudaiwa mapema na kwa fedha: Uingereza mwisho wa mwezi wa sita baada ya mwezi wa kifo, Japani miezi 10. Mali nyingi iko kwenye kuta na ardhi, na kuta hazilipi kodi. Familia ya Lee Kun-hee, aliyekuwa mwenyekiti wa kampuni ya Samsung ya Korea Kusini na aliyefariki 2020, ilidaiwa zaidi ya woni trilioni 12, na hata wao waliomba kulipa kwa awamu ndani ya miaka mitano, wakakopa na kuuza hisa. Kwako kiasi ni kidogo, lakini kuna gharama za mazishi, mawakili na lile deni la nyumba 30,000 ambalo benki haitalisahau. Akiba yako ya 35,000 inalitosha kwa shida. Ndiyo maana naisukuma ile fomu ya bima kila nikipata nafasi.

Basi wiki hii, badala ya kwenda kwa mtu wa rafiki yako, itafute hiyo fomu uone jina. Kisha kaa na mkeo umfungulie hizo hisa kwenye simu, umwonyeshe jina la wakala na namba ya akaunti, viandikwe kwenye karatasi, usiandike nywila. Hisa ambazo hakuna anayejua zipo hazitozwi kodi wala hazirithiwi. Zinakaa tu huko. Yeye ndiye atakayekuwa wa kwanza kutafuta, na sasa hivi hajui hata atafute nini. Ukiwa hapo, mjibu lile swali lake.

Halafu niandikie tena kabla hujaonana na mwanasheria, na safari hii uitaje nchi.